Amana Si Mali ya Mtunzaji

Mwezi huu twataka kulijibu swali ambalo watoto wetu huulizwa shuleni, nao hutuletea sisi jioni chakula kikiisha kuondolewa. Swali lenyewe ni hili: Je, Tanganyika ilikuwa koloni la Waingereza?

Ukiwauliza watu watatu hapa Ubungo, huenda ukapata majibu matatu. Wa kwanza atasema, Ndiyo, ilikuwa koloni kama Kenya. Wa pili atasema, Nchi ilikuwa ya Wajerumani, Waingereza wakaiteka vitani, na mwenye kuteka ndiye mwenye nyara. Wa tatu atasema, Ilikuwa ya mataifa yote. Kila mmoja ameshika kipande cha kweli, wala hakuna aliyeishika kweli nzima. Kwa sheria, tangu mwaka 1922 hata mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa amana. Waingereza walipewa kuitunza na kuitawala, lakini hawakupewa kuwa wenyewe.

Labda mmoja wenu atasema: Haya ni maneno ya wanasheria. Babu yangu alilipa kodi ya kibanda, aliwaogopa askari wa boma, akamwita mkuu wa wilaya bwana mkubwa. Je, alionja tofauti gani kati ya koloni na amana? Ndugu, umeuliza neno la haki, nasi hatutalipita. Ila kwanza twaomba mfahamu amana ile ilikuwa nini, maana haikubaki katika makabati ya Ulaya. Imo hata leo katika karatasi ya kiwanja ulichojengea nyumba yako.

Tuanze na jinsi ilivyopatikana. Mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa barua ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya nchi za Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ikaishika nchi yenyewe, na Dar es Salaam ukawa mji mkuu. Vita vya mwaka 1914 vilipoingia huku, majeshi ya Waingereza yaliutwaa mji wetu mwezi wa Septemba 1916, na vita vikaisha mwaka 1918. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Juni 1919, mapatano yalitiwa sahihi huko Versailles katika Ufaransa, na Wajerumani wakaacha haki zao zote juu ya nchi walizokuwa nazo ng'ambo ya bahari.

Basi, waliziacha kwa nani? Zamani jambo hili lisingeulizwa. Mshindi alichukua, na habari ikaisha. Lakini safari hii watu wengi duniani walikuwa wamechoshwa na vita, na Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikuwa amesema kwamba nchi zisigawanywe kama nyama ya windo. Kwa upande mwingine, washindi waliokuwa wamekwisha kuzishika nchi hizo hawakutaka kuziachilia. Wakapatana njia ya katikati. Katika mkataba wa chama kipya kilichoitwa Shirikisho la Mataifa waliandika sura ya 22, wakasema kwamba nchi hizo zitunzwe na mataifa fulani kwa niaba ya Shirikisho, na kwamba ustawi wa wenyeji ni amana takatifu. Wenye sheria waliuita utaratibu huu Mandeti. Sisi tutauita Hati ya Amana, ili hata mtoto aelewe.

Nchi zile ziliwekwa katika madaraja matatu. La kwanza lilikuwa la nchi za Waarabu zilizotoka chini ya Waturuki. La pili lilikuwa letu, pamoja na Kamerun, Togo, na Ruanda na Urundi zilizopewa Wabelgiji. La tatu lilikuwa la Afrika ya Kusini Magharibi na visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1920 nchi yetu ikapewa jina la Tanganyika. Kisha tarehe 20 Julai 1922 Baraza la Shirikisho la Mataifa, likikutana London, likaithibitisha Hati yenyewe, yenye vifungu 13.

Tusimame hapa kidogo tuifahamu maana ya neno. Mtu akifa akaacha watoto wadogo, na shamba la minazi, na nyumba ya kupangisha, jamaa hukutana wakamweka ndugu mmoja awe msimamizi. Msimamizi huyu ana nguvu nyingi. Yeye huamua minazi iangushwe lini, na mpangaji alipe kiasi gani. Mgeni apitaye njiani atadhani ndiye mwenye mali. Lakini majirani wajua. Hawezi kuliuza shamba likawa fedha yake. Hawezi kuwapa wanawe mwenyewe nyumba ile. Yampasa kutoa hesabu mbele ya wale waliomweka. Na watoto wakiisha kuwa watu wazima, yampasa kuondoa mkono wake. Sheria zetu za mirathi zamtaka hivyo hivyo hata leo, alete mahakamani orodha ya mali na hesabu ya matumizi.

Hivyo ndivyo Uingereza ilivyowekwa juu ya Tanganyika, kwa maandiko. Hati ile iliitaka Serikali ilinde amani na kutawala vema, tena ikaze kustawisha hali ya wenyeji, ya mwili na ya roho. Iliikataza kujenga ngome au kituo cha manowari, au kuwakusanya wenyeji kuwa jeshi, isipokuwa kwa kazi ya polisi na kuilinda nchi yenyewe. Iliitaka iwaweke huru watumwa wote. Na mwaka ule ule wa 1922 sheria ya kuukomesha utumwa ilitolewa, hata watu waliokuwa bado katika nyumba za mabwana wao huku pwani wakawa huru mbele ya mahakama. Ilikataza kazi ya nguvu, ila kwa kazi za lazima za watu wote, na hizo kwa malipo ya haki. Ilisema kwamba ardhi ya mwenyeji isihamishwe kwa mtu asiye mwenyeji bila idhini ya Serikali, na kwamba sheria za ardhi ziziangalie desturi za wenyeji. Raia wa mataifa yote ya Shirikisho walipewa haki sawa ya kufanya biashara, Mwingereza asipendelewe. Na mwisho wa kila mwaka Serikali ipeleke taarifa kwa Baraza la Shirikisho.

Kifungu kimoja kilitugusa hasa watu wa makanisa. Hati iliagiza uhuru wa dhamiri na wa ibada kwa kila dini, na ikawaruhusu wamisionari wa mataifa yote yaliyo katika Shirikisho kuingia na kufanya kazi. Wazee wa sharika zilizoanzishwa na Wajerumani hawakusahau jinsi walivyoachwa wamisionari walipoondolewa kwa ajili ya vita, na waalimu Waafrika wakabaki peke yao kuwalisha watu. Katika miaka ya 1920 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Na haki hiyo hiyo iliyotulinda sisi ilimlinda jirani yetu Mwislamu katika msikiti wake. Ni vema kulikumbuka hilo.

Sasa tazameni majirani zetu wa kaskazini. Kenya ilifanywa koloni mwaka 1920, isipokuwa ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Huko sheria ya mwaka 1915 ilikuwa imeitia hata ardhi waliyoikaa wenyeji katika jina la ardhi ya Mfalme. Mkikuyu aliyelima shamba la baba yake alijikuta kwa sheria hana shamba, amekuwa mpangaji wa Mfalme, naye aweza kuondolewa. Katika Tanganyika sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilisema maneno mengine: nchi yote ni ardhi ya umma, iko chini ya mkono wa Gavana, naye aishike kwa matumizi na faida ya wenyeji. Mtu hakuuziwa ardhi, alipewa haki ya kuikalia na kuitumia, hata kwa muda wa miaka 99. Mwaka 1928 sheria hiyo iliongezwa neno, kwamba mwenyeji aliyeishika ardhi yake kwa desturi ya kwao ahesabiwe kuwa na haki hiyo, ijapokuwa hana karatasi mkononi.

Na watu wenyewe, walikuwa raia wa nani? Hili ndilo linalowashangaza watoto wanaposikia. Hawakuwa raia wa Uingereza. Mwaka 1923 Baraza la Shirikisho liliamua kwamba wenyeji wa nchi ya amana wana hali yao, mbali na raia wa taifa linaloitunza. Kwa sheria ya Waingereza waliitwa watu walio chini ya ulinzi. Mzee wa Uzaramo aliyekuwa akipita na mzigo wake katika njia ya Morogoro, kuja kuuza mjini, hakuwa mali ya Mfalme kwa maandiko, wala nchi aliyoikanyaga haikuwa ya Mfalme.

Haya ndiyo yaliyoandikwa. Sasa turudi kwa ndugu yetu aliyeuliza juu ya babu yake, maana kuna jambo la kuandikwa na kuna jambo la kutendwa.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Tanganyika ilikuwa na daftari, lakini angalieni nani aliyeliandika, na nani aliyelisoma. Taarifa ya kila mwaka iliandikwa na mtunzaji mwenyewe. Ilisomwa Geneva, katika nchi ya Uswisi, na tume ya wazungu wenye maarifa ya utawala. Na mmoja wao, kwa miaka mingi, alikuwa Lord Lugard, Mwingereza aliyekuwa Gavana wa Nigeria. Wengi katika tume ile walikuwa watu wa mataifa yasiyotunza nchi za amana, na maswali yao mara nyingine yaliwakera wakubwa. Walakini tume haikufunga safari kuja kuiona nchi. Mwenyeji aliyekuwa na malalamiko aliweza kuandika barua, lakini ilimpasa kuipitisha kwa serikali ile ile aliyoilalamikia. Wala hakuitwa kusimama mbele ya tume akasema kwa kinywa chake. Fikirini yatima anayetaka kumshitaki mjomba wake, naye aambiwe: Vema, mpe mjomba barua yako aje nayo.

Kadhalika nyumbani. Baraza la kutunga sheria lilianza Dar es Salaam mwaka 1926, wala Mwafrika hakukaa humo hata mwaka 1945, walipoteuliwa wawili, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Kwa miaka ile 19 mambo ya mwenye mali yalikatwa bila yeye kuwapo. Kodi ilitozwa, na asiyekuwa na fedha aliweza kufanyizwa kazi badala yake. Na neno lililokuwa kubwa kuliko yote halikuandikwa kabisa: amana itarudishwa lini? Sura ya 22 ilisema tu kwamba watu hawa bado hawawezi kusimama wenyewe. Nani ataamua kwamba sasa wanaweza? Mtunzaji.

Basi babu yule hakukosea kuona kwamba bwana ni bwana. Lakini asingekuwa na haki ya kusema kwamba Hati ile ilikuwa karatasi bure, na twaleta ushahidi wa mambo mawili.

La kwanza ni la mwaka 1931. Walikuwako Waingereza waliotaka kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja, na walowezi wa Kenya walitazamia kuwa na sauti kubwa humo. Hati yenyewe iliruhusu umoja wa forodha na wa utawala na nchi jirani, kwa hiyo watu walibishana sana: umoja huo waweza kufika wapi kabla amana haijamezwa na koloni? Kamati ya Bunge la Uingereza ikaketi London kulichunguza jambo hilo, na Waafrika wakaitwa kutoa ushahidi. Kutoka Tanganyika walikwenda watatu: Chifu Makwaia wa Usiha, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga, karani aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Zanzibar. Kayamba aliandika baadaye kitabu kwa Kiswahili juu ya safari ile. Kamati ikaona kwamba wakati wa umoja huo haujafika. Hatusemi kwamba Hati peke yake ndiyo iliyouzuia, maana gharama na ugomvi wa siasa vilikuwa vingi. Lakini kila aliyepinga alikuwa na mahali pa kusimama, aliweza kusema: nchi hii si yenu hata muitie ndani ya nchi nyingine.

La pili ni baada ya Vita Kuu ya Pili. Shirikisho la Mataifa lilivunjwa mwezi wa Aprili 1946, na Umoja wa Mataifa ukasimama mahali pake. Tarehe 13 Desemba 1946 Baraza Kuu la Umoja huo lilikubali mapatano mapya juu ya Tanganyika, na tangu hapo nchi ikaitwa nchi ya udhamini. Mabadiliko haya hayakuwa ya jina tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulilisema lile lililokosekana zamani, kwamba mwisho wa udhamini ni watu kujitawala au kuwa huru. Wajumbe walianza kutumwa kuja kuitazama nchi kwa macho yao, mara ya kwanza mwaka 1948, kisha mwaka 1951, 1954, 1957 na 1960. Na mwenye malalamiko aliweza kuyapeleka mwenyewe, hata kusimama barazani huko New York.

Mlango ule ulipofunguliwa, watu waliujua na wakaupita. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 wa Meru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York akawasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na ardhi mkononi, kwa kuwa kura katika Baraza Kuu hazikutimia. Lakini dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ilisikia, na watu wakajifunza kwamba mtunzaji aweza kuulizwa hadharani na mwenye mali mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Machi 1955, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Pugu, nje kidogo ya mji wetu, na rais wa TANU iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Wajumbe waliokuja mwaka 1954 walikuwa wamesema kwamba Tanganyika yaweza kuwa huru katika miaka 20 au 25, na Serikali ya Uingereza haikupenda hata kutajwa kwa miaka. Nyerere hakutukana, wala hakutisha. Aliitumia Hati. Aliomba itamkwe wazi kwamba nchi hii, ijapokuwa yakaa watu wa rangi nyingi, kwanza ni nchi ya Waafrika, na iongozwe kuelekea huko. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akauacha ualimu. Tarehe 9 Desemba 1961 udhamini ukaisha na bendera ikabadilishwa. Tarehe 14 mwezi ule ule Tanganyika ikapokewa katika Umoja wa Mataifa. Amana ilirudishwa mapema kuliko miaka ile 20, na bila vita.

Msidhani kwamba karatasi peke yake ilitosha. Afrika ya Kusini Magharibi nayo ilikuwa amana, mikononi mwa serikali ya Afrika ya Kusini. Shirikisho la Mataifa lilipovunjwa, mtunzaji yule alikataa kuingia katika udhamini mpya, akataka kuimeza nchi. Mwaka 1950 Mahakama ya Kimataifa ilisema maneno yanayofaa kukumbukwa na kila msimamizi: kupewa amana hakukumpa mtunzaji umilki wa nchi, na kufa kwa yule aliyemweka hakukumwondolea wajibu wake. Mwaka 1971 Mahakama ikasema tena kwamba kukaa kwake huko ni kinyume cha sheria. Hata hivyo hakutoka. Damu nyingi ilimwagika, na Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990. Twaona basi kwamba Hati humsaidia mwenye mali, lakini haimtii adabu mtunzaji asiye na haya.

Sasa turudi Ubungo, katika kiwanja chako, kama tulivyoahidi.

Uhuru ulipokuja, tungeweza kuitupa sheria ya ardhi ya mwaka 1923 pamoja na mambo mengine ya wageni. Hatukuitupa. Mwaka 1963 hata mashamba machache yaliyokuwa yamemilikiwa moja kwa moja tangu siku za Wajerumani yaligeuzwa kuwa ya muda. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni ardhi ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya raia wote. Ulicho nacho wewe mwenye nyumba ni haki ya kuikalia ardhi, hata miaka 99 ukipewa hati, au kwa muda mfupi zaidi ukiwa na leseni ya makazi. Lile neno la amana lililoandikwa London mwaka 1922 limo humo bado. Mdhamini amebadilika: zamani alikuwa Gavana aliyewekwa na wengine, sasa ni kiongozi tunayempigia kura. Na mwenye mali sasa yuko ndani ya nyumba, aweza kusema.

Lakini amana ina hatari yake, na watu wa barabara ya Morogoro wanaijua. Mwaka 2017, barabara ile ilipotengenezewa upanuzi toka Kimara hata Kibaha, nyumba nyingi zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilibomolewa, na wako waliokwenda mahakamani. Hatuko hapa kuwahukumu wakubwa wala wenye nyumba. Twataka tu mfahamu kwamba jina la umma lina makali pande mbili. Kwa jina hilo ardhi yetu haikuuzwa kwa walowezi kama ya Kenya. Kwa jina hilo hilo Wameru waliondolewa Engare Nanyuki. Sheria ya mwaka 1999 yasema kwamba mwenye haki akitwaliwa ardhi kwa ajili ya umma alipwe fidia kamili, ya haki, na bila kucheleweshwa. Lakini atalipwaje asiyejua haki yake ni ipi, wala mpaka wa kiwanja chake ni upi, wala karatasi yake iko wapi?

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, twawasihi mambo machache ya kutenda.

Ninyi waalimu, mtoto akiuliza kama Tanganyika ilikuwa koloni, msimjibu kwa neno moja. Mwambieni ilitawaliwa kama koloni mara nyingi, lakini kwa sheria ilikuwa amana, na wazee wetu waliitumia tofauti hiyo kuidai nchi yao. Mtoto akilijua hilo atajua pia kwa nini kusoma ni silaha. Kayamba, Kirilo na Nyerere walijua Hati imesema nini, na kwa hiyo walijua la kudai.

Ninyi wenye nyumba, tafuteni karatasi za kiwanja chenu wiki hii. Je, mpaka umepimwa? Jina lililoandikwa ni la nani, la marehemu au la aliye hai? Je, mama wa nyumba ajua hati ilipo? Msingoje tingatinga lipite ndipo mfungue sanduku.

Na ninyi mnaoshika mali ya wengine, sikieni nanyi. Wako kati yetu wasimamizi wa mirathi, waweka hazina wa sharika, wenyeviti wa vikundi vya kuweka na kukopa, wajomba wanaokusanya kodi ya nyumba ya yatima. Twawalaumu Waingereza kwa kuwa waliandika hesabu wenyewe, wakaisoma kwa wenzao, wasimwite mwenye mali. Je, sisi twafanyaje? Mjane akiuliza kodi ya vyumba imekwenda wapi, twamjibu kwa daftari, au twamjibu kwa ukali? Kijana aliyefiwa na baba akiwa mtoto, naye sasa ana miaka 25, je, amekwisha kukabidhiwa, au bado twasema hajaweza kusimama mwenyewe?

Amana hujulikana siku ya kurudishwa. Aliye na mali ya mwenziwe mkononi na aitoe mezani mwezi huu, pamoja na daftari lake, na mwenyewe awepo akisikiliza. Kaeni kwa amani.